Mama Chanuo Ajifunza Kugusa

Mama Chanuo hakuwa mtu wa kubembeleza kichwa cha mtu. Ukishakaa kwenye kiti chake umekaa, na kichwa kuanzia hapo si chako tena, ni chake. Atakikamata, atakiinamisha mpaka kidevu kiguse kifua, atakigeuza huku na huku kama mtu anayechagua tikiti, na ukithubutu kusema "aah" atakuonyesha ukuta kwa ncha ya chanuo. Ukutani, juu ya kioo, alikuwa ameandikisha kwa rangi nyekundu: UKITAKA UZURI SHARTI UDHURIKE. Wateja walikuwa wakisoma, wanacheka, wanafuta machozi, wanatulia. Na wakitoka pale, jamani, wametoka! Mistari imenyooka, shingo imefunguka, hata aliyeingia amenuna utamkuta nje anajitazama kwenye vioo vya magari ya watu.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Kiti cha kuzunguka ambacho kilishaacha kuzunguka, kioo chenye ufa pembeni, beseni, jagi, rafu ya mafuta na dawa za nywele, na ile harufu ya nywele zilizoungua kidogo ambayo haitoki hata ufungue madirisha yote. Mlango wa nyuma ulitokea uani: sakafu ya saruji, kamba ya kuanikia taulo, pipa la maji na geti la bati. Humo ndimo alimomlea mwanawe wa pekee, mwanzoni akiwa na mumewe, kisha peke yake baada ya mume kufariki. Ukimuuliza habari za huyo marehemu alikuwa akijibu kwamba alikuwa mkali kidogo, Mungu amrehemu, halafu anakuuliza unataka mistari ya kwenda mbele au ya pembeni.

Kuhusu vichwa alikuwa na elimu yake. Kuna vichwa vigumu, unavuta mpaka unachoka wewe. Kuna vichwa laini, ukigusa tu mwenyewe anaruka. Kichwa laini, alikuwa akisema, mtu huzaliwa nacho na huzikwa nacho, hakiletwi na uzee wala maradhi. Na kichwa laini kuliko vyote alivyowahi kushika kilikuwa cha mkwewe, mke wa mwanawe. Huyo hata hujamgusa, umenyoosha mkono tu, ameshajikunja. Ndiyo maana akambatiza jina la Yai. "Leo nasuka Yai," huwatangazia waliokaa kwenye benchi, "mniombee lisinipasukie." Watu wanaangua kicheko. Yai naye hucheka, kidogo, huku ameshikilia mikono ya kiti. Alikuwa mwalimu wa chekechea, binti wa sauti ya chini, na Mama Chanuo alimpenda kwelikweli, tena kwa kelele.

Na huyo mwanawe sasa! Fundi wa majokofu, mtu wa mizaha, hampiti mzee njiani bila kumbebea mzigo. Friji ya jirani ikifa usiku, asubuhi yuko pale na mkoba wake. Mama Chanuo akianza kumsifu, mteja wa nywele fupi husukwa mpaka akamalizwa na sifa hazijaisha. Ndugu zangu, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na utamu wake vilevile.

Basi, Jumapili moja mchana fundi huyo akaja na gari lake la kazi, mkono wa kulia umefungwa bandeji, na nyuma ya gari kuna mbwa. Mbwa mwenyewe aliitwa Karanga kwa sababu ya rangi yake, masikio yameinama, mwili wa kadiri. Mama Chanuo ndiye aliyewapa maharusi mbwa huyo akiwa kitoto, zawadi kutoka kwa mteja ambaye mbwa wake alikuwa amezaa. Sasa fundi akaeleza kwamba Karanga ameharibika. Amemng'ata bwana wake mwenyewe, sebuleni kwake mwenyewe, bila sababu yoyote. Daktari wa mifugo alishamwangalia, si kichaa cha mbwa, chanjo zake zote kamili, ni tabia tu imeoza. Jumamosi atapelekwa akachomwe sindano ya kumlaza moja kwa moja. Mpaka siku hiyo akae hapa uani, maana kule nyumbani si salama kwa mke wangu, alisema fundi. Mama yake alilainika kusikia mwanawe anavyomjali mkewe.

Mnyororo wa mbwa ukatundikwa kwenye msumari kando ya mlango wa uani, fundi akaondoka. Karanga akajibanza nyuma ya pipa.

Mama Chanuo hakutaka mbwa yule afe. Hakulisema kwa mtu, lakini alikuwa amemlisha maziwa kwa kijiko zamani, na moyo haukumpa. Akajiambia kiumbe yeyote hutulia akipata mkono imara. Kwa hiyo akamfuata nyuma ya pipa, akamkamata ukosi kama anavyokamata vichwa vya watu, na kumwamuru atulie. Kilichofuata ni kwamba meno yalifunga kwenye mkono wa gauni lake, kitambaa kikachanika, na mama wa watu akajikuta amekalia ndoo yenye maji. Hakikuumia kitu ila heshima yake.

Kesho yake alikuja kusukwa mwanamke mrefu mwenye kucha fupi, msaidizi wa daktari wa mifugo. Kazi yake pale zahanati ilikuwa kuwatuliza wanyama kabla daktari hajawashika. Aliposikia ngurumo kutoka uani akauliza, na alipoambiwa akamjua mbwa mara moja: ndiye aliyepangiwa sindano Jumamosi. Akatoka uani nusu ya kichwa kimesukwa, nusu kimesimama wima, akakaa chini kwenye saruji kiubavu, bila kumtazama mbwa usoni. Akakaa. Mama Chanuo mlangoni alishika kiuno na kungojea mwujiza, na mwujiza wenyewe ukawa kwamba hakuna kilichotokea ila mbwa ameacha kunguruma.

Ndipo msaidizi yule akamwambia kwamba daktari hana haja ya kumuua mbwa anayeshikika. Huyu akiletwa Jumamosi ametulia, yeye mwenyewe atamsemea. Akauliza kama mama angependa kufundishwa kumgusa. Mama Chanuo alicheka mpaka akakohoa. Afundishwe kugusa, yeye, ambaye mikono yake imepita kwenye vichwa vya mtaa mzima!

"Funga macho, mama," msaidizi akasema. "Gusa kope la jicho lako. Huo uzito uliotumia hapo, usiuzidishe hata kidogo."

Akamfundishia kwenye mkono wake mwenyewe. Kwanza mgongo wa kiganja, maana mnyama anayeogopa mikono huogopa zaidi vidole. Kisha ncha za vidole, duara dogo: vidole havitelezi juu ya manyoya, vinaichukua ngozi na kwenda nayo polepole, vinairudisha, basi. Sehemu nyingine, duara jingine. Masikio yapapaswe kutoka shinani mpaka nchani, kwa utaratibu. Kitambaa kipana kinaweza kuzungushwa kifuani na mgongoni, kisikaze, kimkumbatie tu. Na kubwa kuliko yote ni kuinua mkono, kuuondoa mwilini mwake na kungoja. Ukiinua mkono, umemuuliza. Akiusogelea, amekubali. Akikaa mbali, amekataa, na kukataa kwake ni jibu, wala si ujeuri.

Akaongeza kwamba mbwa husema hapana muda mrefu kabla ya kung'ata. Hugeuza kichwa pembeni. Hujilamba midomo na hakuna chakula. Hupiga miayo na hana usingizi. Hukaa kimya ghafla, mwili umekakamaa, watu wakadhani ametulia. Mama Chanuo akasema kwa mwendo huo yeye angesuka kichwa kimoja kutoka masika mpaka kiangazi. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuchora viduara vidogo kwenye aproni, vyenyewe.

Haikuwa rahisi. Mikono iliyozoea kuvuta hutaka kuvuta. Alikuwa akikaa uani baada ya mteja wa mwisho wa asubuhi, mgongo wa kiganja kwenye bega la mbwa, akijikaripia mwenyewe kwa sauti: polepole wewe mwanamke, huyu hajaja kusukwa. Akainua mkono. Mbwa akageuza kichwa. Haya, umekataa, nimesikia. Akangoja. Akachana shuka la zamani akamvisha kama sweta. Majirani walichungulia juu ya ukuta wakamwuliza kama mbwa anaoa. Akawajibu kwamba ndiyo, na mahari wataitoa wao.

Jumatano alikuwa akipapasa sikio, akainua mkono, na Karanga akasogea. Akasogea mwenyewe, akaweka kidevu juu ya goti la Mama Chanuo, akashusha pumzi ndefu. Mama yule alishtuka mpaka akaogopa kupumua. Miaka yote hii, watu na vichwa vyao, hakuna hata mmoja aliyewahi kuufuata mkono wake. Wote aliwafuata yeye.

Alhamisi vidole vikafika ubavuni, upande wa kushoto. Duara la kwanza, sawa. La pili, mbwa akakakamaa. Ulimi ukatoka ukalamba pua, kichwa kikageuka pembeni, jicho likaonyesha weupe. Chini ya ngozi palikuwa na kinundu kigumu mahali ambapo ubavu ulitakiwa kuwa laini. Mama Chanuo akaondoa mkono kama ameunguzwa. Jioni msaidizi wa daktari alipita akitoka kazini, akapapasa kidogo, akamwachia mbwa aende zake.

"Ubavu ulivunjika ukajiunga wenyewe," akasema. "Hili ni teke, mama. Na si la siku moja."

Mama Chanuo alipandwa na hasira palepale. Akawataja wezi wa usiku. Akawataja vijana wanaocheza mpira karibu na nyumba ya mwanawe. Akamtaja mwenye nyumba wa pale, mtu mwenye sura ya kupiga mateke. Msaidizi alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akauliza taratibu mbwa huyu alimng'ata nani. Mama Chanuo akanuna. Akamwambia mgeni wake kwamba yeye amezaa mwenyewe na kulea mwenyewe na anajua alichokilea. Yule mwanamke akajibu kwamba yeye hajasema kitu, akaaga. Lakini sikwambii usingizi wa siku ile ulivyokuwa wa kuokotaokota.

Ijumaa mchana, shule ilipofungwa, akaja Yai. Fundi alikuwa na kazi ya mbali ya kufunga chumba cha baridi, asingerudi mpaka kesho, kwa hiyo amekuja kusukwa na kumwona Karanga kwa mara ya mwisho. Mama Chanuo alifungua mlango wa uani kwa hofu. Hofu ya nini! Mbwa alitoka nyuma ya pipa anajipinda mwili mzima, mkia unapiga ndoo, akajilaza juu ya miguu ya yule binti na kulia kilio chembamba. Yai akapiga magoti, akaficha uso kwenye shuka lile alilovishwa.

Akakaa kwenye kiti. Benchi lilikuwa tupu, mlango wa mbele umerudishwa. Mama Chanuo akachukua chanuo, akanyoosha mkono, na Yai akajikunja. Utani ulikuwa umeshafika mdomoni, ule ule wa kila siku, yai lisinipasukie. Bahati yake alikuwa anatazama kioo.

Kwenye kioo, binti alikuwa amegeuza kichwa pembeni. Ulimi ulipita haraka juu ya midomo. Macho yameonyesha weupe. Kisha akapiga mwayo, mwayo mkubwa wa mtu ambaye hana hata chembe ya usingizi, na mwili wake ukakaa kimya kabisa.

Chanuo likamponyoka Mama Chanuo likaanguka sakafuni, na kwa mlio ule Yai akaruka kitini.

Akaliacha chini. Akaweka mgongo wa kiganja kwenye bega la mkwewe, uzito wa kope la jicho, akauinua, akangoja. Hakujua anangoja nini. Baada ya muda bega likashuka. Akaanza vidole, kutoka kisogoni kwenda juu, viduara vidogo, ngozi tu inasogea. Juu ya sikio la kulia vidole vikakuta uvimbe, mbichi bado. Nyuma yake kidogo palikuwa na kile kipara chenye ukubwa wa kifuniko cha chupa, ambacho alikijua zamani na kukitukana zamani: alikuwa amezilaumu dawa za bei rahisi, akamgombeza Yai mbele ya watu kwamba anajipaka sumu. Hakuna dawa inayoondoa nywele kwa duara moja namna ile. Nywele zile zilikuwa zimeng'olewa. Yeye msusi, mwenye mikono ya kuvuta nywele, ndiye alipaswa kuwa wa kwanza kujua.

Na hapo likamjia jingine, likampiga kuliko yote. Alikumbuka mkesha wa harusi. Alikuwa amemsuka binti huyu huyu, kwenye kiti hiki hiki, mtindo wa kuchosha wenye mistari myembamba, huku akimpa mawaidha kwamba ndoa ni kuvumilia, na bibi harusi alilala. Alilala fofofo, mdomo wazi, mashangazi wakamcheka. Kichwa laini mtu huzaliwa nacho. Elimu yake mwenyewe! Kichwa hiki kilikuja kwake hakina ulaini wowote, kikalainika baada ya ndoa, naye akakitungia jina la utani na kukifanyia mzaha mbele ya benchi zima.

Akazunguka akapiga magoti mbele ya kiti, mtu wa magoti mabovu yale. Hakuuliza nani. Aliuliza tu ni tangu lini, na Yai akatazama mlango wa uani badala ya kujibu. Hakujisemea yeye.

"Mama, Karanga hana kosa," alisema. "Alikuja katikati yetu. Angeniacha nipigwe, asingeng'ata mtu."

Mama Chanuo alikaa pale sakafuni. Alitaka kusema si kweli na mdomo ulikataa, maana vidole vilikuwa vimeshaona. Mwanangu. Anayewabebea wazee mizigo. Nyani haoni kundule, na mama naye ndiyo hivyo, akitazamishwa mwanawe anatazama pembeni. Siku ile Yai hakwenda nyumbani. Kichwa kilisukwa polepole, upande mmoja tu ukaisha, na jioni Mama Chanuo alimpigia simu mama mzazi wa binti, akamwambia aje kesho. Hakumwambia kwa nini. Alimwambia tu aje, mwenzangu, njoo.

Lakini aliyetangulia kufika Jumamosi ni fundi.

Aliingia kwa mlango wa mbele anapiga mluzi, akamsalimia mama yake kwa adabu zote, shikamoo ndefu, akamtania mkewe kwa kichwa chake kilichosukwa upande mmoja kama uzio uliokosa miti. Bandeji ilikuwa imetoka mkononi. Akauliza mbwa yuko wapi, daktari anangoja. Wote watatu walikuwa karibu na mlango wa uani: mama amesimama kwenye kizingiti, Yai nyuma yake, Karanga amelala miguuni kwa Yai na shuka lake. Mama Chanuo alikuwa ameandaa maneno tangu alfajiri. Alikuwa na hotuba nzima kifuani.

Fundi hakuingoja. Mnyororo ulikuwa pale pale msumarini, juu ya bega la mama yake, na akaunyooshea mkono, haraka, kama mtu mwenye haraka anavyochukua kitu.

Vichwa vitatu viligeuka pembeni.

Mbwa aligeuza chake. Yai akageuza chake. Na Mama Chanuo, mwanamke wa miaka sitini, aliyezika mume zamani hizo, ambaye mwanawe hajawahi kumnyooshea hata kidole, aligeuza chake pia. Alikisikia kikigeuka. Alisikia ulimi wake unapita juu ya midomo yake mikavu. Hakuamuru yeye. Mwili ulijifanyia wenyewe, ulikuwa unajua njia.

Mnyororo ukalia mkononi mwa fundi. Naye alikuwa ameona. Uso wake ulikwisha rangi.

"Mama," akasema, "mimi nimewahi kukugusa?"

"Wewe hapana," Mama Chanuo akajibu. "Baba yako."

Alikuwa ameyazika maneno hayo pamoja na marehemu. Alikuwa amejiapia miaka yote kwamba angalau mtoto hakujua, mtoto alikuwa amelala, ukuta ulikuwa mnene, yeye hakuwahi kulia kwa sauti. Alimwangalia mwanawe apate kuona mshangao. Hakuona mshangao wowote.

"Nilikuwa nasikia," fundi alisema. Kisha hasira ikampanda, au aibu, kwa wanaume wengine hizo ni ndugu. Akasema mbona yeye mama hakuondoka. Akasema mbona asubuhi alikuwa akiamka, anachana nywele, anacheka na wateja. Akanyoosha mkono wenye mnyororo kuelekea ukutani, kwenye maandishi mekundu, akasema hayo yaliandikwa na nani. Akasema mke wake mwenyewe alifundishwa kuvumilia na nani, mkesha wa harusi, kwenye kiti kile.

Yote yalikuwa kweli. Hakuna hata neno moja ambalo Mama Chanuo angeweza kulirudisha. Yalimwingia moja baada ya jingine, akayapokea amesimama, kashikilia fremu ya mlango. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hakujua kwamba alikuwa akimlea hata kwa ule ukimya.

Lakini hakutoka kwenye kizingiti.

"Ni mimi," alisema. "Nilikosa, na nitakosa tena nikikupisha. Rudisha mnyororo msumarini, mwanangu. Mbwa haendi. Na mkeo haendi."

Fundi alimtazama mkewe juu ya bega la mama yake. Pengine alitaka binti atoke mwenyewe, kama alivyozoea kutoka. Mkono wa Yai ulikuwa umeshuka kwenye sikio la Karanga, unalipapasa kutoka shinani mpaka nchani, na haukusimama. Karanga hakunguruma. Alitazama tu. Ndugu zangu, yule mtu wa mizaha alisimama pale hana mzaha hata mmoja. Mama yake akamwambia kwamba mama mkwe wake yuko njiani, na wazee wa pande zote mbili wataitwa, na yote yatasemwa kwa mdomo wazi, pamoja na ya marehemu. Mpaka hapo asikanyage uani.

Akarudisha mnyororo. Ilimchukua muda, ulikuwa unateleza msumarini. Akatoka kwa mlango wa mbele, na hakumsalimia mtu barabarani.

Gari likaondoka. Mama Chanuo akaenda kwenye kiti cha saluni, akajitupa. Sijui kama alishawahi kukikalia. Msusi hana wa kumsuka; nywele zake mwenyewe alikuwa akizifunga kitambaa tu, mwaka nenda mwaka rudi. Kwenye kioo chenye ufa aliona mwanamke mzee, na juu ya mwanamke huyo maandishi yake mwenyewe, mekundu, makubwa. Akajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimgusa kichwani asiwe na maana mbaya, na hakukumbuka. Jambo hilo lilimshtua kuliko kila alilolisikia wiki nzima.

Yai akaja nyuma ya kiti. Akamfungua kitambaa. Akaweka mgongo wa kiganja juu ya sikio la mama mkwe wake, uzito wa kope la jicho, na kichwa cha Mama Chanuo kikaruka pembeni.

Yai akainua mkono, akangoja.

Nje wateja wa Jumamosi walikuwa wameanza kubisha hodi. Mbwa alikuwa amelala kwenye mlango wa uani na shuka lake. Mama Chanuo alikitazama kichwa chake kwenye kioo kama cha mtu mwingine, akashangaa jinsi kilivyokuwa kigumu kurudi, na kilichukua muda mrefu sana. Lakini kilirudi.